Gari Lililopanda Ng'ombe, Likashuka Kuku

Vijana wa garaje, siku ya kuniaga mliniomba niwaandikie namna ya kulivisha gari mwili wa mnyama, kwa kuwa kazi hiyo haimo katika kitabu chochote cha ufundi na wote niliofanya nao wamekwisha tangulia. Sasa niko nyumbani Muheto, nina muda, macho bado yanaona mistari ya daftari, na mkono hautetemeki sana. Namshukuru Mungu kwa yote matatu. Vyeo sitavitaja, havikunisaidia kunyoosha hata bati moja.

Niliingia garaje ya misheni nikiwa kijana mwenye nguvu nyingi na akili ya kutosha kuzitumia vibaya. Fundi wa bodi alikuwa Papa Bauma, mtu mfupi mwenye vidole vinene, ambaye alisali kabla ya kuwasha moto wa kulehemu na akasali tena baada ya kuuzima. Sala ya pili ilikuwa ndefu zaidi, maana mtungi wetu wa gesi ulikuwa mzee kuliko mimi. Siku ya kwanza alinipa mlango uliobonyea, akanipa nyundo, akaenda zake. Niligonga hadi adhuhuri. Aliporudi aliutazama mlango kwa muda, kisha akasema:

"Kijana, majani ya sombe njo inatwangwaka mu kinu. Mulango haitwangwake."

Mlango ulikuwa umelegea kama jani la ndizi. Hakunifukuza. Alinionyesha kwamba bonde la bati halipigwi katikati. Unaanza kwenye kingo zake, taratibu, unazunguka, na katikati inapanda yenyewe. Nilitumia somo hilo miaka yote, na si kwa bati peke yake.

Mnyama wangu wa kwanza alikuwa punda. Padri alitaka Jumapili ya Matawi gari la misheni litangulie maandamano likiwa na sura ya punda. Ugumu ulikuwa kwamba huku kwetu Masisi hatuna punda. Mimi nilimjua kwenye picha ya katekisimu tu, na katika picha hiyo alikuwa nyuma ya mtume mmoja mnene, zikionekana pua na masikio. Basi nilitengeneza pua na masikio. Nilitumia katoni, sponji ya godoro na gundi ya uji wa muhogo, na Jumamosi jioni nilijiona fundi mkubwa.

Jumapili asubuhi sikio moja halikuwapo. Mbuzi wa jirani walikuwa wamelila, kwa sababu katoni iliyopakwa uji wa muhogo kwao ni chakula chenye mchuzi. La pili nililinyoosha juu. Tulipotoka, watoto wakaanza kupiga kelele: "Sungura! Sungura!" Halafu pua. Nilikuwa nimeiweka mbele ya rejeta, upepo haukupita, na kwenye mlima wa kabla ya kanisa maji yakachemka. Waumini waliimba wakiwa wamezungukwa na mvuke. Shofere wetu Inosa, dereva ambaye ulimi wake haukuwahi kupumzika, alitoa kichwa dirishani.

"Padri, leo bakristo batashuhudia: Bwana aliingia Yerusalemu mu sungura yenye kuchemka."

Padri alicheka hadi akashika kofia. Papa Bauma hakucheka. Baada ya misa alinipa kalamu na kipande cha katoni iliyobaki, akasema: "Andika yote yenye iliharibika. Furaha itajikumbuka yenyewe."

Nikaandika, na nimeendelea kuandika. Nawapa yale yaliyothibitika.

Usitoboe gari lisilo lako, na hata lililo lako. Funga mnyama kwa mipira. Mipira ya ndani ya pikipiki zilizochoka kwenye barabara ya mgodi wa Bisie haikosekani. Ikate mikanda ya upana wa vidole viwili. Kamba ya nailoni hukaza na kukatika, mpira huvutika gari likiingia shimoni, kisha hurudi. Usizibe rejeta, taa, kioo wala namba ya gari. Mwanzi ukatwe ukiwa umekomaa, ukae juu ya moshi wa jiko mpaka ugeuke rangi ya chai, hapo wadudu hawautaki tena. Ukitaka kuukunja, upashe kwenye makaa ukiupaka maji, usiwe na haraka. Sponji usitumie kabisa: mvua ya huku ikiishaingia ndani yake, mnyama anakuwa mzito kama amekula ng'ombe mwingine. Katoni, mmekwisha sikia.

Ngozi bora ni mifuko ya mchele, ile ya plastiki iliyofumwa, imeshonwa kwa uzi wa nailoni na kupakwa rangi ya mafuta mara mbili, ya pili baada ya kukauka ya kwanza. Na kitu bora kuliko vyote ni bidoni, dumu la maji la manjano, lililopasuka. Likate, lipashe juu ya makaa kidogo tu, nalo litakuwa sikio, kwato, pua au ulimi, na halitaoza hata wajukuu wenu wazeeke. Watu hulitupa. Nimekusanya mabidoni mengi sana kwenye mitaro ya Masisi, na mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akisema nyumba yetu inangoja maji ambayo hayafiki.

Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya sikukuu tu. Kisha akaja Mama Furaha.

Alikuwa muuguzi wa chanjo, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Alikaa juu ya tairi kuukuu ndani ya garaje, akanieleza shida yake. Katika vijiji vingi watu walikuwa wamejifunza jambo moja kuhusu magari: likisikika linapanda, shika watoto, ingia porini, uliza baadaye. Hatukuwa na haki ya kuwalaumu, sisi wenyewe tumelala porini. Lakini la chanjo nalo ni gari. Alikuwa akifika anakuta moto jikoni unawaka, chungu kinachemka, na hakuna mtu. Dawa ilirudi naye mjini, na surua ilikuwa ikipanda kutoka vijiji vya chini.

"Papa," aliniambia, "unifanyie gari yenye haifanane na gari."

"Mnyama gani, mama?"

"Wewe njo fundi. Mimi nataka tu batoto bakimbie kuya, basikimbie kwenda."

Nilichagua ng'ombe. Tulianzia nyanda za juu, kwenye malisho, na nilifikiri: Masisi ni nchi ya maziwa na jibini, nani atamkimbia ng'ombe? Nilimjenga kwa wiki tatu. Mbavu za mwanzi, ngozi ya mifuko rangi ya kahawia isiyokoza, kiwele cha mabidoni manne, na pembe mbili za mwanzi mrefu, za kuvua kwa mkono, maana barabara yetu lori likija lazima mmoja apunguze upana. Sitawaficha, nilikuwa na kiburi naye.

Kule juu alipokelewa kama mgeni wa harusi. Watoto walisikia injini wakakimbia mbali, wakageuka, wakaona pembe zinapanda kilima, wakasimama. Kisha wakarudi. Mwanamke mmoja mwenye kibuyu cha maziwa alimzunguka ng'ombe wangu mara mbili, akampigapiga ubavuni.

"Iko muzuri. Lakini pembe zinaangalia chini sawa ya nyati. Ngombe yenye kushiba inanyanyua pembe. Na jina lake nani?"

"Bado hana jina, mama."

"Ngombe yenye haina jina ni nyama tu," alisema. Akamwita Gaju, kwa ajili ya rangi yake, na mimi nikanyanyua pembe. Siku ile Mama Furaha alichanja mpaka mkono ukamuuma.

Sasa nafika kwenye kosa langu.

Kutoka malishoni tulishuka upande wa Walikale, kwenye kijiji kimoja cha wakulima kabla ya Kashebere. Jina lake naliacha, kosa lilikuwa langu, si lao. Wachuuzi wa Kashebere hupita hapo kila siku ya soko, na walikuwa wametoka vijiji vya chini ambako watoto walikuwa wakiugua surua. Mama Furaha aliinua kifuniko cha sanduku la baridi, akagusa barafu.

"Leo na kesho," alisema. "Kesho kutwa hii dawa itakuwa maji."

Tuliingia kijijini Inosa akipiga honi, Gaju ameinua pembe. Hakuna aliyekimbia kuja. Milango ilifungwa mmoja baada ya mwingine, bila kelele, na hilo lilikuwa baya kuliko kukimbia. Mwanamke mmoja tu alibaki, amesimama pembeni ya shamba la maharage, jembe mkononi. Ndiye aliyekuwa mkubwa wa akina mama wa kijiji, Mama Kahambu.

"Hii ngombe ni ya nani?" aliuliza.

Inosa akatabasamu. "Ni ya batoto, mama."

"Hakuna ngombe ya batoto. Ngombe iko na mwenyewe. Mwaka yenye ilipita ziliingia humu, zikakula mustari kwa mustari, sawa wanafunzi wenye kusoma. Mwenyewe akaniambia eti ngombe haijuwi mupaka. Leo munaileta na taa na honi?"

Inosa alifungua mdomo. Namshukuru Mungu kwamba kwa mara moja katika maisha yake aliufunga tena.

Mimi ni mtoto wa wakulima. Mama yangu alipanda maharage kwenye mteremko kama ule, nami nikiwa mdogo nilitumwa kufukuza ng'ombe kwa mawe. Nilijua hayo yote. Lakini nilikuwa nimependa pembe zangu. Katika nchi hii ng'ombe si mnyama tu, ni upande katika ugomvi wa wafugaji na wakulima, na mimi nilikuwa nimeivisha dawa ya watoto wote nguo ya upande mmoja. Fundi wa nchi nyingine akifanya kosa hilo, asamehewe. Mimi sikuwa na udhuru.

Nilishuka, nikavua kofia.

"Mama, unasema kweli. Nimekosa. Hii chanjo ni ya surua, na surua haiulizi mwenyewe ni nani. Dawa inabaki leo na kesho tu. Uniambie, ni mnyama gani anayeingia kwako bila ugomvi?"

Alinitazama kama mtu anayepima kama swali ni mtego.

"Kuku," alisema mwishoni. "Kuku njo inaingiaka popote. Ata ukiifukuza, inarudi na dada yake."

Halafu akaongeza jambo ambalo nilikuwa nalijua tangu utotoni na sikuwahi kulifikiria. Huku kwetu mtu asiye na kuku hupewa jike na jirani amfugie, na vifaranga wakikua wanagawana. Kuku wa namna hiyo huvuka kila mpaka. Mama Kahambu mwenyewe alikuwa na jike la familia moja ya wafugaji wa juu, na mwaka ule wa maharage, walipokuwa hawasalimiani, bado alipeleka nusu ya vifaranga.

"Ngombe ilinikosea," alisema. "Kuku haikunikosea kitu."

Ilikuwa kama saa nane mchana. Nilimwambia Mama Furaha anipe mchana ule na asubuhi. Akafunga sanduku, akalifunika blanketi, akalikalia kama anaatamia.

Tulimvua Gaju pale pale uwanjani, mbele ya milango iliyofungwa. Pembe zilipotoka nilisikia mlango wa kwanza unafunguka. Niligeuza ngozi nje ndani, maana upande wa ndani wa mifuko ulikuwa mweupe. Zile pembe ndefu nilizikata kuwa mihimili ya mabawa. Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo nawaachia kama urithi: bawa lisibandikwe ubavuni. Lifungwe kwa mpira kwenye kichanja cha juu ya gari, bashi, yaani turubai, lishonwe juu yake, na ukisukuma fimbo moja, bawa linanyanyuka na kuwa paa la kivuli. Ng'ombe wangu wa wiki tatu hakuwa na kazi yoyote ila kutazamwa. Kuku wa nusu siku alikuwa na kazi.

Nilikosa manyoya. Nikamwomba Mama Kahambu mabidoni mabovu, akaita, na ghafla kijiji kilichokuwa hakina mtu kikawa na mabidoni ya kutosha Masisi nzima. Akina mama walikata, mimi nikapasha na kukunja. Kiwele cha Gaju kikawa mdomo na miguu. Kwa kilemba cha kichwani mwa kuku, bibi mmoja alitoa beseni jekundu lililopasuka, akatoa na maelezo ya siku lilipopasuka na nani alilipasua, naye mhusika alikuwapo.

Mkia niliufanya mrefu wenye kupinda vizuri. Nikarudi nyuma nimtazame. Kisha mtu akasema, "Ile ni jogoo," na kijiji kizima kikacheka.

"Papa fundi," Mama Kahambu alisema, "jogoo itachunga batoto ya nani? Jogoo inalia tu asubuhi, inarudi kulala. Kata mukia."

"Sawa na Inosa," nikasema.

"Mimi sikuongea kitu!" Inosa alilalamika. "Leo nimenyamaza, na bado munanichinja!"

Nikakata mkia. Giza lilipoingia tukaacha, tukala maharage yao, tukasali pamoja.

Asubuhi ilikuja na mvua, ile mvua yetu isiyo na mazungumzo. Nilisukuma fimbo, mabawa yakanyanyuka, maji yakateremka pembeni, na chini yake pakawa pakavu. Mama Furaha aliweka meza yake chini ya bawa la kulia. Watu walikuja kwa sababu ya mvua kwanza, hilo nalikubali, na kwa sababu ya kuangalia kazi ya mikono yao. Lakini walikuja na watoto. Mama Kahambu alimweka mjukuu wake wa kwanza mezani. "Huyu," alisema, "halafu wengine." Mtoto akalia, mstari ukasogea.

Kabla ya saa sita nilimwona mwanamke amesimama barabarani kwenye mvua, mtoto mgongoni na mwingine mkononi, amebeba chombo cha maziwa. Alikuwa mfugaji. Watoto wake walikuwa kwa bibi yao siku tulipopita malishoni, akasikia habari za ng'ombe mwenye dawa, akashuka alfajiri kumfuata. Sasa alikuwa anatafuta ng'ombe, na mbele yake kulikuwa na kuku, na chini ya kuku kijiji kizima cha watu wa maharage. Hakusogea. Chini ya bawa watu waligeuka kumtazama.

Nilitaka kwenda kumwita. Mama Furaha alinishika kiganja, na alifanya vizuri. Hapakuwa pangu.

Mama Kahambu alitazama mvua, akatazama yule mtoto mdogo aliyekuwa amejifunika na kitambaa kilicholowa.

"Mama, unangoja nini huko?" alipaza sauti. "Ingia. Mutoto anakufa na baridi."

"Ni ya hapa kwenu," yule mwanamke alijibu. "Mimi niko wa juu."

"Kuku haiulizake. Ingia, nasema!"

Akaingia. Watu wakasogea kidogo, si sana, maana bawa lilikuwa na kipimo chake. Mikono yake ilikuwa imejaa: mtoto mmoja mgongoni, mwingine akijivuta nyuma, na chombo cha maziwa. Mama Furaha alihitaji mtoto ashikwe. Mama Kahambu alimchukua yule mkubwa bila kuomba, akamkalisha mapajani, akamkaza mkono. Sindano ilipoingia mtoto alimng'ata kidole kwa nguvu zote.

"Yeyo!" Akautikisa mkono, akakitazama kidole, akamtazama mama wa mtoto. "Iko na meno sawa ngombe zenu. Huyu atakuwa muzima."

Mama wa mtoto alicheka akafunika mdomo, na baada yake wengine wote. Maziwa yale yaligawiwa kwa kikombe kimoja kilichozunguka. Dawa iliisha alasiri, barafu ikiwa bado na kipande kimoja cha ukubwa wa yai.

Kuku yule alitembea barabara hiyo ya Walikale misimu mingi. Nilimbadilisha mipira mara mbili na bashi mara moja, manyoya kamwe. Msimbadili kuwa kitu cha kupendeza zaidi kabla hamjauliza nani anakasirishwa nacho.

Surua ilifika pale mwezi uliofuata, pamoja na wachuuzi, kama tulivyoogopa. Ilipita kijijini na malishoni juu yake bila kumlaza mtoto hata mmoja, ikaendelea na safari zake. Mama Furaha alikuja garaje mwenyewe kuniambia. Nilikuwa chini ya lori, chali, mafuta yakinidondokea shingoni. Aliinama akasema tu, "Papa, wote wazima." Nikamshukuru Mungu hapo hapo nilipolala. Chini ya gari huwezi kupiga magoti, na sidhani kama Yeye alilihesabu kuwa kosa.